Msongamano wa Samoni na Hesabu ya Chawa

Ndugu wasikilizaji, tukizungumzia msongamano wa samoni vizimbani, swali la kwanza huwa: kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo? Norwei, inayoongoza duniani kwa kufuga samoni, imeweka ukomo wa kilo 25. Kipimo hicho kinamlinda samaki aliye ndani ya wavu: wakibanana kupita kiasi, oksijeni hupungua na mapezi huchubuka. Ni kipimo cha haki, nami nakiunga mkono. Lakini hakimzuii chawa wa samoni.

Chawa huyu, wa jamii moja na kaa na kamba, hula ute, ngozi na damu ya samaki. Jike hubeba nyuzi mbili za mayai, kila uzi mayai mamia. Mabuu huchukuliwa na mkondo siku kadhaa, na huweza kufika makumi ya kilomita kabla ya kumshika samaki. Kwa hiyo mabuu wa shamba moja huishia kwa jirani. Kinachomneemesha chawa ni jumla ya samaki wa fiyodi nzima, yaani ghuba ndefu na nyembamba ya bahari iliyoingia kati ya milima, hata kama kila kizimba kina nafasi ya kutosha.

Tupige hesabu. Kanuni ya Norwei inataka chawa majike wakomavu wawe chini ya 0.5 kwa samaki kwa wastani, na chini ya 0.2 kwa majuma kadhaa ya machipuko. Inaonekana kidogo mno, sivyo? Kizimba kimoja kinaruhusiwa samaki 200,000. Hao wanaweza kubeba karibu majike 100,000, na mfugaji hajavunja sheria! Shamba la vizimba 8 linakaribia 800,000.

Wanaoumia ni samoni wa asili. Wachanga wao hutoka mtoni wakati wa machipuko bila chawa hata mmoja, wakiwa na gramu 20 hivi, na chawa wachache tu huweza kuwaua. Zamani, majira ya baridi chawa walikosa samaki wa kutosha pwani. Leo vizimba vinawatunza mwaka mzima.

Dawa? Chawa wameshazizoea nyingi, na kuwaogesha samaki kwa maji ya moto huwatesa.

Tangu 2017 Norwei imegawa pwani yake katika maeneo 13 yenye rangi kama taa za barabarani, kwa kukadiria vifo vya samoni wachanga wa asili. Eneo jekundu laweza kuamriwa kupunguza uzalishaji. Hiyo ndiyo njia sahihi. Ninachodai ni hatua moja zaidi: kila eneo liwekewe ukomo wa jumla ya majike wa chawa, na mashamba ya fiyodi moja yapumzishwe kwa wakati mmoja, vizimba vikiwa vitupu kabisa.