Hasira ya Machi, Fomu ya Januari: Mwalimu Anapogombea Bunge la Jimbo

(Mhadhara uliotolewa kwa wazazi na raia wapya wanaozungumza Kiswahili, Lexington, Kentucky)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na vijana, shikamooni na hamjambo. Najua wapo humu waliotoka zamu ya usiku na hawajalala, wakaona waje kwanza. Asanteni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya uchaguzi. Nikiuliza hapa nani ni Rais wa Marekani, hata mtoto wa darasa la kwanza atanyoosha mkono. Nikiuliza nani anamwakilisha mtaa wako kule Frankfort, makao makuu ya jimbo letu, kama nusu saa hivi kwa gari kutoka hapa tulipo, naona tutatazamana. Leo nataka tuzungumze juu ya kiti hicho cha Frankfort, na juu ya mwalimu mmoja wa hesabu aliyekwenda kukichukua.

Bunge la Kentucky lina mabaraza mawili, Wawakilishi 100 na Maseneta 38. Mwakilishi anachaguliwa kila baada ya miaka miwili, na watu anaowawakilisha ni kama elfu arobaini na tano hivi. Ndugu zangu kutoka Bukavu, Uvira na Kalemie, ninyi mnalifahamu bunge la jimbo la kwenu, lile linalomchagua gavana. Hapa gavana anachaguliwa na wananchi wenyewe, kwa hiyo msitafute kazi hiyo kwa Bunge la Frankfort. Kazi yake kubwa ni sheria na bajeti. Ndilo linaloamua kila wilaya ya shule itapata kiasi gani kwa kila mtoto, ikiwemo nyongeza inayotolewa kwa mtoto anayejifunza Kiingereza. Watoto wengi wa humu ndani wamo katika hesabu hiyo, kwa hiyo mambo ya Frankfort ni mambo ya nyumbani kwenu.

Sasa tuje kwa walimu.

Mwalimu wa shule ya umma wa Kentucky hakatwi mchango wa Social Security, yaani pensheni ya serikali kuu, kwenye mshahara wake wa ualimu. Mnaofanya kazi ghalani au hospitalini mnakatwa kila mkilipwa, na uzeeni mtapata malipo yenu. Mwalimu anategemea mfuko wa pensheni wa walimu. Ukitikisika mfuko huo, umetikisa uzee wake wote. Na kusema haki, tatizo la fedha lilikuwa la kweli: mifuko ya pensheni ya Kentucky ilikuwa na madeni makubwa kuliko ya majimbo mengi ya nchi hii, yaliyolimbikizwa miaka mingi chini ya vyama vyote viwili. Gavana wa wakati huo, Matt Bevin, alisema lazima sheria ibadilishwe, na mwishoni mwa 2017 akatoa mapendekezo yake. Walimu wakaanza kuingiwa na hofu.

Mswada wa kwanza ulikwama mwanzoni mwa 2018, watu wakadhani umekufa. Ikafika Alhamisi, Machi 29. Palikuwa na mswada mwingine kabisa, namba 151, uliohusu huduma za maji taka. Ndani ya kamati maneno ya maji taka yakaondolewa yote, yakawekwa mabadiliko ya pensheni, kurasa 291. Siku hiyo hiyo ukapita Wawakilishi kwa kura 49 dhidi ya 46, kisha ukapita Seneti kwa 22 dhidi ya 15. Mwalimu aliyekuwa darasani asubuhi akisahihisha madaftari alipokwenda kulala usiku sheria ilikuwa imekwisha kupitishwa.

Mimi nimefundisha Morogoro kabla ya kuja huku, na naijua hali ya mwalimu anayesikia habari za maslahi yake redioni. Kuhusu pensheni yenyewe watu wazima wanaweza kutofautiana, lakini njia iliyotumika siku ile sikuikubali wakati ule na siikubali leo. Kesho yake, Ijumaa Kuu, walimu wengi walipiga simu kusema wanaumwa hata shule za hapa Lexington na za Louisville zikafungwa. Jumatatu maelfu wakajaa Frankfort. Waliimba, wakabeba mabango, na wengi wakaapa hadharani kwamba watagombea wenyewe ili kuwatoa wabunge waliowafanyia vile.

Hapa ndipo penye jambo lililonileta mbele yenu leo.

Mwaka ule mwisho wa kurudisha fomu za kugombea kwa tiketi ya chama ulikuwa Januari 30. Aliyekasirika Machi 29 akataka kugombea kupitia chama alikuta mlango umefungwa miezi miwili iliyopita. Walioweza kuitumia hasira ile ni wale waliokuwa wameona mapema mambo yanakokwenda, wakachukua fomu wakati wenzao bado wanajiuliza kama inafaa.

Mmoja wao ni Travis Brenda, mwalimu wa hesabu katika sekondari ya kaunti ya Rockcastle, kusini mwa hapa. Ukishuka barabara kuu ya 75 kuelekea Tennessee unaipita kaunti hiyo. Hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwanachama wa Republican, na akajitosa ndani ya chama chake mwenyewe dhidi ya Jonathan Shell, aliyekuwa kiongozi wa chama cha walio wengi katika Baraza la Wawakilishi. Shell hakuwa mtu mdogo. Ni mkulima kijana aliyeingia bungeni kwa uchaguzi wa 2012 akiwa na miaka 24, akawa miongoni mwa waliokiwezesha chama chake mwaka 2016 kulichukua Baraza hilo kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka mia. Tena alishiriki kuuandika huo mswada wa pensheni. Alikuwa na fedha, na wakubwa wa chama walikuwa nyuma yake.

Kura za mchujo zilipigwa Mei 22, 2018. Mwalimu akashinda kwa kura 123.

Nataka tukae kidogo kwenye namba hiyo. Kura 123 ni watu wanaoweza kuenea katika ukumbi huu. Eneobunge lile, la 71, lina watu zaidi ya elfu arobaini, lakini wanaojitokeza kwenye mchujo wa Mei ni wachache sana. Novemba watu huja wengi kwa sababu matangazo ni mengi. Mei hakuna kelele. Na katika maeneo mengi ya jimbo hili chama kimoja kina nguvu kiasi kwamba anayeshinda mchujo wa chama hicho ameshashinda kiti, ndivyo ilivyokuwa kwa Brenda Novemba. Kwa hiyo mwalimu mwenye wanafunzi aliowafundisha miaka kumi iliyopita, ambao sasa ni watu wazima wenye kura, na wenye wazazi wanaomjua kwa jina, anaanza na mtaji ambao fedha za matangazo hazinunui. Akipiga hodi mlangoni hahitaji kujitambulisha.

Sheria moja ya Kentucky lazima niitaje hapa maana imewakosesha kura wengi wenu. Mchujo wa vyama hapa ni wa wanachama waliosajiliwa tu. Aliyesajiliwa Democrat hapigi kura kwenye mchujo wa Republican, na kinyume chake. Ukijiandikisha bila chama, Mei utapewa karatasi ya nafasi zisizo za vyama tu, kama za majaji. Na kama tayari umesajiliwa na unataka kubadili chama, mwisho ni Desemba 31 ya mwaka uliotangulia. Mwalimu mwanachama wa Democrat aliyetaka kumpigia Brenda kura Mei 2018 alitakiwa awe amebadili chama kabla hata mwaka haujaanza. Nanyi mnaotarajia kuapishwa uraia hivi karibuni, siku ile mkijaza fomu ya kupiga kura mtaulizwa chama. Msiruke swali hilo kwa haraka. Fikirini kwanza.

Sasa nisiwape hadithi tamu nikaficha chungu yake. Walimu waliogombea Kentucky mwaka ule walikuwa wengi, wa vyama vyote viwili, na wengi wao walishindwa. Wapo waliosimama mahali ambapo chama chao hakina watu, na wapo waliodhani wingi wa watu waliowaona Frankfort ndio wingi wa kura nyumbani. Brenda mwenyewe alikaa muhula mmoja tu. Kwenye mchujo wa 2020, uliosogezwa hadi Juni kwa sababu ya korona, aliangushwa na Josh Bray, ambaye amekaa kwenye kiti hicho tangu hapo. Na Shell aliyeangushwa na mwalimu alirudi kwa mlango mwingine: mwaka 2023 alichaguliwa Kamishna wa Kilimo wa jimbo zima.

Wapo walimu waliodumu. Tina Bojanowski wa Louisville, mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, aligombea 2018 kwa tiketi ya Democrat, akamshinda mbunge aliyekuwa kwenye kiti, akaendelea kufundisha huku akihudumu Frankfort. Hilo huwashangaza ndugu zetu kutoka Kenya, ambako mtumishi wa umma anayetaka kugombea hutakiwa ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi mkuu. Hapa Bunge hukutana siku zisizozidi 60 katika mwaka wa namba shufwa na 30 katika mwaka wa namba witiri, kwa hiyo mbunge wa kawaida ana kazi yake nyingine. Lakini siku hizo huanza Januari, katikati ya muhula. Mkulima hana shida na Januari. Mwalimu lazima aliache darasa, na mara nyingi hilo ndilo linalomrudisha nyuma kuliko fedha.

Na ile sheria ya maji taka iliishia wapi? Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Andy Beshear, alikwenda mahakamani. Katiba ya Kentucky inataka mswada usomwe kwa siku tatu tofauti katika kila baraza. Mswada wa pensheni ulikuwa umehesabiwa siku ambazo mswada wa maji taka ndio uliosomwa. Desemba 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua sheria hiyo, majaji wote wakiwa na kauli moja. Gavana akaliita Bunge kikao cha dharura siku chache baadaye, na Wabunge wakatawanyika bila kupitisha kitu. Mwaka uliofuata Beshear akagombea ugavana pamoja na mgombea mwenza wake Jacqueline Coleman, aliyekuwa mwalimu wa uraia na kocha wa mpira wa kikapu. Walishinda kwa kura elfu tano na kidogo katika jimbo zima.

Naona mkono pale nyuma. Mama anauliza, kwa hiyo hata mimi naweza kugombea kiti hicho?

Mama, unaweza. Uwakilishi hautaki mtu aliyezaliwa Marekani, urais ndio unaotaka hilo. Unahitaji uwe raia, uwe na miaka 24, uwe umeishi Kentucky miaka miwili kabla ya uchaguzi, na mwaka wa mwisho uwe umeishi ndani ya eneobunge lenyewe. Kwa Seneti ni miaka 30 ya umri na miaka sita ya kuishi Kentucky. Fomu unaipeleka kwa Katibu wa Jimbo pamoja na ada ya dola 200 na saini za wapiga kura wawili wa chama chako. Wawili tu. Siku hizi mwisho unawahi zaidi kuliko ule wa 2018, ni Ijumaa ya kwanza baada ya Jumatatu ya kwanza ya Januari, saa kumi jioni. Watu wakiwa bado wanapumzika na sikukuu za mwaka mpya, orodha inafungwa.

Kijana ameuliza juu ya wenye kadi ya kijani, yaani wakazi wa kudumu ambao bado si raia. Hao wasipige kura, wala wasijaze fomu ya kujiandikisha hata kama mtu amewasukumia karatasi sokoni akisema ni halali. Ni kosa la jinai na linaweza kuua ombi la uraia. Lakini kumtembeza mgombea mtaani, kumtafsiria kwa bibi yako asiyejua Kiingereza, kusimama mbele ya kamati ya Bunge ukaeleza hali ya shule ya mwanao, yote hayo yanaruhusiwa. Mwaka 2024 Bunge lilipeleka kwa wananchi badiliko la katiba la kuruhusu fedha za umma ziende nje ya shule za umma. Lilikataliwa katika kaunti zote 120, na kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba waliifanya watu wengi wasio na cheo chochote, walimu wakiwa mbele.

Wanaotaka kujua wako eneobunge lipi, leteni anwani zenu hapa mezani, tutatafuta pamoja. Wenye maswali ya pensheni, mwalimu mstaafu aliyekaa pale mbele ameahidi kubaki nami mpaka tumalize.