Mkanda wa Taimingi: Mizunguko Miwili kwa Mkono Kabla ya Ufunguo

SEFU: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Sefu, niko na dada Rehema, ambaye nimemkuta bado ana grisi kwenye kucha. Leo ni mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno unaoiunganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, shafti inayofungua na kufunga valvu. Dada, mtu anaweza kuubadilisha mwenyewe nyumbani?

REHEMA: Anaweza, kaka. Ila kwanza ajue injini yake ni ya aina gani. Zipo ambazo mkanda ukikatika gari linazima tu, unalivuta, unafunga mkanda mpya, safari inaendelea. Na zipo ambazo valvu na pistoni zinatumia nafasi moja kwa zamu. Hapo mkanda ukikatika, pistoni inapanda na kukuta valvu bado iko chini, inaipinda. Unafungua silinda hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu.

SEFU: Na ukifunga vibaya, hasara ni hiyohiyo.

REHEMA: Hiyohiyo, ila safari hii umejifanyia mwenyewe.

SEFU: Kuna watu hawajui hata kama gari lao lina mkanda. Toyota yenye injini ya 1NZ, kwa mfano, ina cheni ya chuma badala ya mkanda.

REHEMA: Mwenye hiyo leo apumzike. Wengine fungueni kitabu cha gari, kitawaambia na muda wa kubadilisha. Injini nyingi ziko kati ya kilomita 100,000 na 160,000, baadhi zinataka mapema zaidi, na aghalabu kuna ukomo wa miaka pia. Miaka ndiyo watu wanayoisahau. Mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

SEFU: Mtu atakwambia, nimefungua kava nimeuona, bado mzima.

REHEMA: Mkanda unaweza kuonekana safi huku nyuzi za ndani zimechoka. Umenunua gari la mkononi na huna kumbukumbu yoyote? Hesabu muda wake umekwisha.

SEFU: Haya, tufungue.

REHEMA: Injini ipoe kabisa. Waya hasi wa betri utoke. Gari likae juu ya stendi, jeki peke yake haitoshi. Mikanda ya nje itoke, ya alteneta na ya kiyoyozi. Kama injini imelala kwa upana, mara nyingi mauntingi, kishikizo cha injini, ya upande wenye mkanda lazima itoke, kwa hiyo unaibeba injini kwa jeki nyingine, na kipande cha mbao kati ya jeki na sampu, bakuli la oili chini ya injini. Bila mbao utaibonyeza sampu. Na plagi zitoe zote. Nitakuja kusema kwa nini.

SEFU: Halafu tunafika kwenye bolti ya puli ya krenki. Hapo ndipo wengi wanarudisha spana kwenye boksi.

REHEMA: Na wana haki. Imekazwa kwelikweli, na ukiisukuma injini nzima inazunguka nayo. Dawa yake ni kifaa cha kushikilia puli isizunguke, na mpini mrefu. Kuna wanaoegemeza mpini kwenye chasi halafu wanapiga stata ili bolti ilegee yenyewe.

SEFU: Hiyo nimeiona sana.

REHEMA: Mimi siikubali. Mpini ukichomoka, hujui utampiga nani. Halafu kuna injini za Honda za zamani zinazozunguka kinyume na nyingine. Ukiiga ujanja huo pale, unakaza badala ya kulegeza.

SEFU: Na zile alama za taimingi, zilizo kwenye gia na kwenye injini, unazipanga saa ngapi?

REHEMA: Kabla mkanda wa zamani haujatoka. Zungusha krenki mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa, alama ya krenki ikutane na ya injini, na ya kamshafti ikutane na yake. Hapa watu wanajichanganya: kamshafti inazunguka mara moja wakati krenki inazunguka mara mbili. Kwa hiyo krenki inaweza kuwa kwenye alama na kamshafti iko upande wa pili kabisa. Usiridhike na alama moja. Piga picha kwa simu, weka na alama zako za rangi nyeupe.

SEFU: Kuna anayebadilisha mkanda peke yake, vingine anaacha.

REHEMA: Kazi yote hii ya kufungua, halafu unaacha tenshena, puli inayoukaza mkanda, ya zamani? Izungushe kwa vidole uisikilize. Ikikwaruza, bering imekwisha. Lakini hata ikinyamaza, mimi naibadilisha pamoja na puli za kupitishia mkanda. Pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huo, nayo pia. Na sili, zile pete za kuzuia oili, za kamshafti na krenki zikivuja, zibadilishe. Oili inaumaliza mpira haraka.

SEFU: Sasa mkanda mpya.

REHEMA: Usiukunje, usiupindue, usiuchokonoe na bisibisi. Anzia kwenye krenki, pita upande usio na tenshena ukiwa umeuvuta, ulegevu wote uishie kwa tenshena. Tenshena ya oili ibanwe polepole kwenye jiliwa, uifunge kwa pini, ndipo uirudishe. Vuta pini mkanda ukishakaa kwenye meno yote.

SEFU: Ndipo tunawasha.

REHEMA: Hapana! Kaka, acha ufunguo mfukoni. Shika bolti ya krenki, si ya kamshafti, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa uelekeo ambao injini yenyewe inazunguka. Sasa plagi: zikiwa ndani, mgandamizo wa hewa unakusukuma nyuma na huwezi kujua kinachozuia ni hewa au ni chuma. Zikiwa nje, hewa inatoka. Mkono ukigonga kitu kigumu ghafla, hicho ni chuma kwa chuma. Simama, usilazimishe.

SEFU: Na isipogonga?

REHEMA: Rudi kwenye alama. Ya krenki na ya kamshafti zote zirudi sawasawa. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi, usishtuke, ile ni ya kufungia tu. Unachoangalia ni alama za gia. Zikipishana hata jino moja, toa mkanda uanze upya. Injini inaweza kuwaka ikiwa jino moja nje, lakini itatetemeka, itakosa nguvu, na taa ya injini itawaka kwenye dashibodi.

SEFU: Kisha tunafunga.

REHEMA: Kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba za kitabu. Kuna bolti za krenki ambazo kitabu kinataka ziwe mpya kila mara. Kama ulitoa pampu, jaza kolanti na utoe hewa.

SEFU: Siku ya kwanza tusikilize nini?

REHEMA: Mlio mwembamba unaopanda na mwendo wa injini, mara nyingi mkanda umekazwa mno. Kitu kinachopigapiga ndani ya kava, umelegea. Kimojawapo ukikisikia, zima injini na ufungue kava saa ileile.