Soko la mboga linaanzia kitaluni

Asanteni. Nimeitwa nizungumzie misingi ya kilimo cha mboga cha biashara, na naona wengi mmefungua daftari mkisubiri niwatajie dawa ya kupulizia na mahali alipo mnunuzi. Vumilieni kidogo. Kwanza naomba miche hii miwili ipite mikononi mwenu. Yote ni kabichi, mbegu za pakiti moja, zilisiwa siku moja.

Huo wa kwanza, inamisheni shina lake taratibu kisha mliachie. Linarudi. Ni mfupi, unene wake unakaribia kalamu ya risasi, una majani halisi matano. Wa pili ni mrefu zaidi, na najua kuna atakayeupenda kwa urefu wake. Uinamisheni: unalala. Shina kama uzi. Huo ulitoka kwenye tuta ambalo mbegu zilimwagwa tu kama chumvi, ikaota miche chungu nzima inayogombea mwanga.

Sasa fuateni hesabu. Kabichi kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45 zinaingia miche 37,000 hivi kwenye hekta moja. Ukisia kitaluni kwa mistari ya sentimita 15, ukapunguzia hadi sentimita 2.5 kati ya mche na mche, miche hiyo yote inakaa kwenye mita za mraba 140. Hekta ni mita za mraba 10,000. Yaani kitalu hakifiki hata asilimia 2 ya shamba! Halafu mtu huyohuyo anayelima hekta nzima kwa trekta na kununua mabomba ya maji, kitalu anamwachia yeyote atakayekuwa nyumbani siku hiyo.

Mtaniuliza: mche dhaifu si utakuja kujipa nguvu shambani ukipewa mbolea? Utakua, sikatai. Lakini utakua kwa wakati wake. Mche imara unafunga kichwa mapema, mche dhaifu wa pembeni unachelewa wiki mbili, mwingine tatu, na wewe uliahidi lori zima siku moja. Unazunguka shamba na kisu, unakata kimoja hapa, unaruka vitano, unakata kingine kule. Lori linaondoka nusu tupu, na vile vilivyowahi vinapasuka vikisubiri wenzake. Mnunuzi wa jumla anataka vichwa vinavyolingana, vilivyoiva pamoja. Huo ulinganifu hauupati kwa mbolea ya wiki ya nane. Ndiyo maana nikiulizwa habari za soko najibu habari za kitalu, na watu wanadhani nakwepa swali.

Kuna jambo lililonipata ambalo nimelisimulia mara nyingi na nitaendelea kulisimulia. Msimu mmoja miche yangu ya nyanya iliangushwa na kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina kitaluni. Nilikuwa namwagilia kupita kiasi. Shina linalegea pale linapogusa udongo, mche unalala, na asubuhi nyingine unakuta tuta lina madoa matupu. Kwa haraka ya kuwahi msimu nikanunua miche kwa mtu. Juu ilikuwa ya kijani kibichi, inapendeza. Sikung'oa hata mmoja nikatazama chini.

Wiki ya tano shambani ikaanza kunyauka adhuhuri na kuamka jioni. Nikaongeza maji. Ikaendelea. Nikang'oa mmoja, nikauosha kwenye ndoo, na mizizi ilikuwa imejaa mafundo kama shanga. Minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi. Msije mkayachanganya mafundo hayo na vinundu vya mizizi ya maharage: vile vinabanduka kwa ukucha, haya ni mzizi wenyewe uliovimba. Udongo wangu haukuwa na minyoo hiyo kabla ya hapo. Niliinunua mwenyewe nikaipanda, shimo moja baada ya jingine. Minyoo hiyo hushambulia pia bamia, biringanya, karoti, matango. Mavuno ya msimu mmoja yanafidika, lakini kipande kile cha ardhi nimekihangaikia miaka.

Kwa hiyo ukilazimika kununua miche, ng'oa michache palepale mbele ya muuzaji, osha mizizi, angalia. Akikasirika, ondoka.

Mzee wangu pale nyuma anasema kitalu kinachosha. Ni wiki nne hadi sita tu. Siku 7 hadi 10 za mwisho punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo ili miche ikomae. Siku ya kuhamisha lowesha tuta kwanza, hamisha jioni, na mzizi ushuke wima. Ukiukunja kama ndoano, mche utadumaa na utalaumu mbegu.

Naonyeshwa saa. Basi haya mengine harakaharaka. Kubadilisha mazao: nyanya, pilipili, biringanya na viazi mviringo ni ukoo mmoja, kuzifuatanisha sehemu moja si kubadilisha. Maji: nyanya ikikaushwa kisha ikafurikishwa inaoza kitako, kwa sababu madini ya kalsiamu hayafiki kwenye tunda hata kama udongo unayo. Dawa: siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye chupa, zisomeni, mlaji ni mtoto wa mtu. Kuandika kumbukumbu za shamba nilitaka kukusemea kwa urefu, haitawezekana leo.

Kalenda moja tu kabla sijashuka. Chukua siku unayotaka kuuza kabichi, rudi nyuma siku 70 hadi 90 kulingana na mbegu, kisha rudi tena wiki tano za kitalu. Hapo ndipo unaposia. Usisie zote: gawa mafungu, kila baada ya wiki mbili fungu moja. Na ile miche miwili naomba inirudie, huo mnene nataka kuupanda jioni hii.