Meno ya Kutafuna: Mhadhara Kuhusu Kukomaa Kiroho

Wapendwa katika Bwana, fungueni Waebrania sura ya 5, mstari wa 11 hadi wa 14. Mkimaliza msifunge, maana tutahitaji pia mistari miwili ya kwanza ya sura ya 6.

Mwandishi anawalaumu wasomaji wake kwa jambo moja. Muda waliokaa katika imani ungetosha kuwafanya walimu, lakini bado wananyonya. Sasa tazameni anachokiita maziwa. Katika 6:1-2 anataja mambo sita: kutubia kazi zisizo na uhai, imani kwa Mungu, mabatizo, kuwekea mikono, ufufuo wa wafu na hukumu ya milele. Humo yamo mambo tunayoyaandalia semina ya wiki nzima na kuyaita mafundisho mazito! Yeye anayaita msingi, na anasema tusiuweke tena. Fundi anayemwaga msingi kila mwaka hajengi nyumba, hata msingi wake uwe imara namna gani.

Mtu mzima basi ni nani? Mstari wa 14 unajibu: ni yule ambaye akili zake, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "akili" hapo ni la viungo vya hisi, kama ulimi unaojua chumvi imezidi kabla mtu hajaambiwa. Na "zimezoezwa" ni neno la uwanja wa mazoezi ya mwili. Hakuna anayepata misuli kwa kuhudhuria mihadhara ya riadha, na huu wa leo nao umo.

Wakorintho wanatusaidia kuona kipimo kisichofaa. Paulo alikaa kwao mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11). Katika waraka wake wa kwanza anakiri kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote (1:7), na bado sura ya 3 anawaita watoto wachanga. Ushahidi wake ni wivu na magomvi yaliyokuwa kati yao. Kunena kwa lugha hakukutosha kuwa cheti cha utu uzima. Karama hutolewa, nayo yaweza kufika siku moja. Tunda huiva, na kuiva hakuna mkato. Ndiyo maana 1 Timotheo 3:6 inakataza kumpa uangalizi mtu aliyeongoka karibuni, hata akiwa hodari wa kuhubiri.

Kupambanua ndiko penye kazi yenyewe. Someni Mithali 26:4, "Usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake," kisha mstari wa 5 unaofuata: mjibu. Mtoto huuliza, sasa nishike upi? Mtu mzima anajua kwamba leo, na mtu huyu, ni huu. Kesho huenda ikawa ule. Wafilipi 1:9-10 inaonyesha uwezo huo unatoka wapi: pendo linalozidi kuongezeka pamoja na hekima na ufahamu. Anayejua aya nyingi bila kumpenda aliye mbele yake atachagua aya sahihi na kuitumia vibaya.

Twende kwenye mazoezi. Chukua kitabu kimoja kifupi, kwa mfano Wafilipi, chenye sura 4 na mistari 104. Kusoma chote hakuchukui zaidi ya dakika ishirini. Kisome kizima kila siku kwa siku saba, kisha ukirudie polepole, aya moja kwa siku. Mpango wa kumaliza sura zote 1,189 za Biblia kwa mwaka, yaani sura tatu au nne kwa siku, ni mzuri kwa kupata picha nzima. Kasoro yake ni kwamba ukikosa siku tano unadaiwa sura kumi na tano au zaidi, na kuanzia hapo unasoma ili kulipa deni.

Katika ulichosoma, toa agizo moja linalotendeka kabla ya jua kutua kesho. "Nitakuwa mpole" halitendeki, kwa sababu halina mtu wala saa. "Nitampigia ndugu yangu simu kesho asubuhi, nimwombe radhi kwa neno lile" linatendeka. Liandike pamoja na tarehe. Jioni, tenga dakika kumi: shukuru kwa kutaja vitu kwa majina, pitia siku yako saa kwa saa, ungama kosa moja bila kulipamba, kisha amua utalirekebishaje. Wengi huishia kwenye kuungama. Ukiungama kwa Mungu deni ulilonalo kwa jirani, jirani bado anakudai. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka mbele ya madhabahu uende kwanza ukapatane.

Mara moja kwa wiki keti na Mkristo mwenzako mnayeaminiana, awe mtunza siri. Muulizane: ulipanga kutii nini, ulikitii, na ulimi wako ulikwendaje? Swali la ulimi lisirukwe. Yakobo 3:2 humwita mkamilifu yule asiyejikwaa katika kunena, na waliotusikia tukiongea nyumbani hawadanganyiki kirahisi.

Mazoezi haya huvunjika kwa njia mbili hasa. Wapo wanaoanza na mambo kumi. Wiki ya pili hawana hata moja. Wapo pia wanaoanguka mara moja, wakaona aibu, wakaacha kukutana na mwenzao mpaka "watakapokaa sawa". Hao ndio wanaomhitaji zaidi wiki hiyo. Paulo mwenyewe, katika Wafilipi 3:12, anakana kwamba amekwisha kuwa mkamilifu, na mstari wa 15 anawaambia waliokomaa wawe na nia hiyo hiyo. Anayejiona amefika anajionyesha bado yuko mbali.

Waswahili husema ukubwa jalala. Katika kanisa methali hiyo ina sura yake: Warumi 15:1 inawataka wenye nguvu kuuchukua udhaifu wa wasio na nguvu, wala wasijipendeze wenyewe. Mtu akikomaa, watu humletea takataka zao, na yeye hazitawanyi.

Kazi ya wiki hii ni Waraka kwa Filemoni, mistari 25. Usomeni mara tatu. Mara ya kwanza fuateni kisa. Mara ya pili tieni alama pale Paulo anapoweza kuamuru lakini anasihi, mkianza na mstari wa 8 na 9. Mara ya tatu kaeni kwenye mstari wa 14, mjiulize kwa nini alitaka wema wa Filemoni uwe wa hiari. Tutaanzia hapo tukikutana tena. Sasa, maswali.