Chipu ya 555 na Masafa Yasiyotulia: Tumkamate Mhusika

Ndugu mafundi na wanafunzi, lawama nyingi anazobebeshwa mwenzetu huyu mdogo mwenye miguu minane, chipu ya 555 inayotoa mapigo ya umeme kwa vipindi, si zake. Fundi huunda saketi ya kutoa mlio, akaipima asubuhi na kupata masafa ya hezi 1,000, yaani mapigo 1,000 kwa sekunde, kisha adhuhuri anakuta 960, na jambo la kwanza analofanya ni kuing'oa chipu na kuweka nyingine. Leo ningependa kwanza tuitetee chipu.

Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, aliisanifu mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya Marekani, nayo ikaingia sokoni mwaka 1972. Ndani yake mna rezista (vizuia mkondo) tatu zinazolingana, kila moja ya kilo-omu 5, ambazo huigawa volti ya betri katika theluthi tatu. Kapasita iliyo nje, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji, hujazwa mpaka ifike theluthi mbili za volti hiyo, kisha hupunguzwa mpaka theluthi moja, na mzunguko huanza upya. Uzuri wa mpango huu ni kwamba betri ikishuka, vizingiti vyote viwili hushuka pamoja nayo, na kasi ya kuijaza kapasita hupungua kwa uwiano uleule, hivyo muda hubaki karibu vilevile. Ndiyo maana volti haimo kabisa katika kanuni ya masafa, ambayo ni 1.44 ikigawanywa kwa zao la (R1 + 2R2) na C, ambapo R1 na R2 ni rezista mbili za nje na C ni kapasita. Mkiweka R1 ya kilo-omu 8.2, R2 ya kilo-omu 68 na kapasita ya nanofaradi 10, mtapata takriban hezi 1,000.

Kwa hiyo washukiwa waliobaki ni rezista na kapasita za nje. Rezista za filamu ya metali zenye usahihi wa asilimia 1 zinapatikana kwa bei ndogo, nazo hazisumbui sana. Kapasita ndiyo hasa ya kuangaliwa. Ile ya seramiki yenye alama Y5V inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ya uwezo wake ndani ya nyuzijoto inazokusudiwa kufanyia kazi. X7R ni afadhali, lakini nayo inaruhusiwa kuyumba kwa asilimia 15, na tena hupungua kadiri inavyozeeka. Yenye alama C0G haihami zaidi ya sehemu 30 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, maana yake joto likipanda kwa nyuzi 20, hezi zenu 1,000 hazitasogea hata hezi moja kwa sababu yake.

Kapasita za elektroliti nazo huvujisha umeme. Chukueni betri ya volti 5 na rezista ya megaomu 1: kapasita inapokaribia theluthi mbili, mkondo unaoijaza ni mikroampia 1.7 tu, na ikivuja nusu mikroampia, karibu theluthi ya mkondo huo imekwisha kupotea. Wapo wanaodhani kwamba rezista ya kurekebishia itaponya hali hiyo. Rezista hiyo huyaweka masafa mahali mnapoyataka, lakini haiwezi kuyazuia yasihame.

Chipu yenyewe haikosi kasoro. Aina ya zamani, inapogeuza hali ya mguu wa 3, hunyakua mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi na kuitikisa volti, kwa hiyo wekeni kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 8 na wa 1, karibu kabisa na chipu, na nyingine ya nanofaradi 10 kutoka mguu wa 5 hadi ardhini. Aina za CMOS, yaani zenye transista zinazotumia umeme kidogo, kama vile TLC555, zina utulivu zaidi katika jambo hili.

Hata hivyo, msiitumie 555 kutengenezea saa ya ukutani. Kosa la asilimia 1 ni sekunde 864 kwa siku, yaani dakika 14 na sekunde 24. Kwa kazi hiyo tumieni kristali ya hezi 32,768, ambayo ikigawanywa kwa mbili mara 15 hutoa pigo moja kwa sekunde.

Mezani hapa nina saketi mbili zilizofanana, isipokuwa moja ina kapasita ya Y5V na nyingine ya C0G. Nitasogeza chuma cha kulehemu karibu na kila kapasita bila kuigusa. Mmoja wenu tafadhali asogee mbele, atusomee mita kwa sauti.