Injini Kuukuu: Tuifungue Hadi Wapi?

Ahsanteni, karibuni tukae. Walio nyuma wakinikosa wapaze sauti.

Mada niliyopewa ina swali moja tu. Una pikipiki ya zamani, injini imechoka: uifungue hadi wapi? Ubadilishe ringi za pistoni, usage valvu, ufunge uondoke? Au uipasue mpaka krankshafti, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, ibaki peke yake juu ya meza? Nautoa msimamo wangu mapema ili mpate muda wa kunipinga. Mimi naona kina cha kazi hakiamuliwi na uchakavu wa juu, kinaamuliwa na hali ya chini. Hedi (kichwa cha silinda), silinda na pistoni unaweza kuzirudia mwaka huu na mwaka kesho, na kwenye injini nyingi hata hushushi injini kwenye fremu. Krankkesi, nyumba ya chini inayobeba krankshafti, ni habari nyingine. Ukiipasua bila sababu umejitwisha kazi ya miezi, na ukiiacha ilhali ilikuwa inaomba kupasuliwa, kila ulichokigharamia juu kiko hatarini.

Kwa hiyo badala ya kuuliza "nina hamu ya kufanya kiasi gani?", jiulize una ushahidi gani kwamba sehemu ya chini ni nzima.

Tatizo ni kwamba ushahidi unaanza kupotea pale tu unapolegeza nati ya kwanza. Injini iliyofunguliwa haigongi, haitoi moshi, haionyeshi presha. Watu wengi huleta injini ndani ya ndoo na masanduku, kisha wanauliza ina ubaya gani. Hata mganga humkagua mgonjwa akiwa hai. Kama injini inazunguka na inawaka, iache iwake kwanza, uisikilize.

Tuanze na moshi, kwa sababu ndio unaowadanganya watu kuliko kitu kingine. Moshi wa bluu unaozidi injini inapovuta mzigo kwa kawaida unatoka kwenye ringi na silinda. Ukiona bonge la moshi pale unapovuta mafuta tena baada ya kuteremka mlima mrefu umeachia mafuta, zitazame zaidi bushi zinazoongoza valvu. Halafu kuna moshi wa tatu, ambao umewafanya watu wachonge silinda nzima bure. Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 hubeba oili kwenye tangi la pembeni. Zikisimama wiki kadhaa, oili hupenya taratibu kwenye pampu na kushuka hadi chini ya krankkesi. Siku ya kuwasha, mtaa mzima unapotea kwenye moshi. Baada ya dakika chache unakatika, lakini mwenye pikipiki ameshahukumu kwamba ringi zimekwisha. Fungua nati ya chini, mwaga, pima kiasi kilichotoka, rudisha kwenye tangi, washa tena. Ikitulia, ringi hazina kesi.

Kipimo cha presha ya silinda nacho kina adabu yake. Injini iwe ya moto, na mkono wa mafuta uwe umevutwa hadi mwisho, maana ukipiga kiki huku kabureta imefunga utasoma namba ya chini ukaanza kulia. Ukipata namba ndogo, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda vizuri, presha inapita kwenye ringi. Isipopanda, inapita kwenye valvu au gasketi ya hedi. Na injini iliyolala miaka usiihukumu siku ya kwanza. Ringi zinaweza kuwa zimeganda kwenye vijia vyake na valvu zina kutu kidogo kwenye viti. Zikitembezwa kidogo, mara nyingi presha inarudi yenyewe.

Wapo watakaonijibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa kabisa. Lakini hakikisha kwanza kwamba ni ufa.

Sasa tuseme vipimo vimesema hedi ishuke. Umetoa hedi, umevua silinda, na hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Nitakaa hapa kidogo.

Pitisha ukucha ndani ya silinda, karibu na juu. Utausikia ukingo mahali ringi ya juu inapoishia, kwa kuwa juu yake hapajawahi kusuguliwa. Ukingo huo ni onyo. Mtu akifunga ringi mpya bila kuuondoa, ringi ya juu yenye kona kali inaweza kuugonga ikavunjika, na kazi ya bei nafuu ikageuka msiba. Huna maikromita ya ndani? Chukua ringi moja, iingize ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, mpaka chini kabisa ambako hakujalika. Pima pengo la ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kisha ipandishe hadi chini kidogo ya ule ukingo, upime tena. Tofauti ya mapengo hayo igawe kwa 3.14, upate silinda imepanuka kiasi gani. Mfano: chini umepata 0.30 mm, juu 0.90 mm. Tofauti ni 0.60, ukigawa unapata karibu 0.19 mm. Kwa injini nyingi mpaka huwa karibu na 0.1 mm, ingawa kitabu cha injini yako ndicho hakimu, kwa hiyo silinda hiyo inakwenda kuchongwa. Ungepata 0.05, ningesema ikwaruzwe tu ndani kwa jiwe ili kung'aa kuondoke, uweke ringi mpya, ufunge. Kumbuka njia hii haioni kama silinda imekuwa yai. Kwa hilo unahitaji kipimo cha kweli, mbele kwa nyuma na kulia kwa kushoto.

Silinda sasa tumeijua, lakini bado hatujaamua chochote. Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, imesimama mbele yako, haina pistoni, na huu ndio wakati wa kuiuliza. Ipandishe mpaka juu kabisa ya mzunguko wake, ili ukiivuta isizungushe shafti. Mwagia beringi ya chini mafuta ya taa, uache yachuruzike, kwa sababu oili nzito huficha ulegevu. Kisha shika konrodi kwa mikono miwili, vuta juu, sukuma chini, bila kuizungusha. Ukisikia "tk", hata kadogo sana, hiyo injini unaipasua. Isikuogopeshe ikicheza kulia na kushoto. Uwazi wa pembeni umewekwa makusudi, na nimeona watu wakipasua injini nzima kwa ajili ya mchezo ambao kiwanda kiliuacha. Baada ya hapo zungusha krankshafti polepole, usikilize kama kuna mkwaruzo. Tikisa ncha zake ujue kama beringi kuu zimelegea.

Konrodi ikiwa imekaza, shafti inazunguka laini, na oili uliyomwaga haina vipande vya chuma, mimi nafunga juu. Karibu kila mara.

Nasema karibu, kwa sababu kuna injini ambazo mkono hauwezi kuzisoma. Triumph T120 ya 649 cc ni mfano mzuri. Ndani ya krankshafti yake mna mrija unaokamata uchafu. Shafti ikizunguka, uchafu mzito unatupwa nje na kuganda humo, na oili safi inaendelea kwenye beringi za konrodi. Huo ndio ulikuwa mpango, na unafanya kazi mpaka mrija ujae. Ukijaa, oili inakosa njia na beringi zinaungua, hata kama jana ulizishika ukaziona zimekaza. Kuufikia mrija huo lazima upasue krankkesi. Kwa hiyo Triumph ya namna hiyo isiyo na historia, ambayo hakuna anayejua shafti ilisafishwa lini, mimi naipasua hata kama konrodi ni imara. BSA A65 ina lake: oili inaingia kwenye shafti kwa kupitia bushi ya upande wa taiming, yaani upande wa gia zinazoendesha valvu. Bushi ikilika, oili inavuja pale badala ya kufika kwenye konrodi, na unachosikia baadaye ni konrodi kugonga. Ukibadilisha beringi za konrodi ukaiacha ile bushi, umetibu homa ukaacha malaria.

Linganisha na Honda CB750 iliyotoka 1969. Ina kichujio halisi cha oili cha kubadilisha. Kama ilitunziwa oili yake, sehemu ya chini hudumu sana, na kuipasua kwa hofu tu ni kupoteza nguvu.

Injini za mzunguko wa viharusi viwili zina sheria yao. Humo krankkesi ni sehemu ya njia ya kupumua, kwa hiyo sili za krankshafti zikikauka hewa inaingia isikotakiwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, na pistoni inakwama au inatoboka. Ziba matundu ya kuingiza na kutoa, pampu hewa kidogo tu, kama psi 6, utazame kama inakaa. Isipokaa na ukathibitisha inavujia kwenye sili, usiniambie habari ya pistoni mpya kabla hujazibadilisha.

Niseme kidogo kuhusu ugonjwa wa "maadamu". Maadamu nimefungua, nibadilishe na hili. Maadamu nimebadilisha hili, na lile je? Kwa gari la biashara mantiki hiyo ina maana. Kwa injini ya miaka hamsini au sitini ina hatari moja ambayo vijana hawapendi kuisikia: kipuri kipya si lazima kiwe bora kuliko cha zamani. Vipuri vya kuiga viko vizuri, na viko vya hovyo. Valvu ya kiwandani ambayo bado iko ndani ya vipimo naisaga, naisafisha, naifunga. Gia zisizo na meno yaliyomeguka naziacha zilale. Sili, gasketi na ringi hizo sina huruma nazo, zibadilishwe zote.

Halafu silinda haina nyama isiyoisha. Pikipiki nyingi za Kijapani huchongwa kwa ngazi za 0.25 mm, na za Kiingereza kwa inchi 0.020. Kila ngazi ukiitumia hairudi, na baada ya ngazi tatu au nne unatafuta sliva mpya, yaani bomba la ndani la silinda. Kuichonga silinda nzuri "ili iwe mpya" ni kula akiba ya atakayeimiliki baada yako.

Naona mkono. Ndiyo, kaka... Anauliza, ikishaamuliwa kuchongwa, aanze na nini. Nunua pistoni kwanza. Usimpelekee fundi silinda ukamwambia "chonga ngazi inayofuata", kisha ukaanza kutafuta pistoni ya kufanana. Huenda ngazi hiyo haipatikani, na pistoni mbili zilizoandikwa ukubwa mmoja, za watengenezaji tofauti, zinaweza kutaka uwazi tofauti. Mpe fundi pistoni mkononi, aipime pale mtengenezaji anaposema ipimwe, achonge kuifuata hiyo. Kama ni silinda mbili, weka alama ipi ni ya wapi. Swali la pili?