Mwewe Mkononi, Tembo Mezani

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo.

Hapa Kampala omweso, bao letu la Uganda, tunaujua: kete 64, zote zimo ubaoni, hakuna ya akiba. Waliocheza bao la Kiswahili kule pwani wanajua jambo jingine. Kila mtu huanza na kete 22 mkononi, anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni mojamoja, na kete haiingii shimo tupu. Sharti ikute wenzake.

Aina ya sataranji (chess) ninayowaonyesha leo imepindua sharti hilo. Waliiunda Yasser Seirawan, aliyewahi kuwa bingwa wa sataranji wa Marekani, mzaliwa wa Damascus, na Bruce Harper, mwaka 2007. Ubao ni uleule, ila kila mchezaji ana akiba ya wawili: mwewe, anayekwenda kama askofu na kama farasi, na tembo, ambaye ni ngome na farasi kwa pamoja. Tembo wangu ni kizibo cha soda, msicheke. Capablanca, bingwa wa dunia wa zamani, naye aliwataka vigogo wa namna hii miaka ya 1920, lakini akatanua ubao hadi vyumba 80. Nani atakuchongea huo?

Sasa tazameni. Farasi anatoka g1, anatua f3. Kwa zamu hiyohiyo namshusha mwewe pale g1, chumba hakijapoa. Ndiyo njia pekee: kipande cha mstari wa nyuma kinapoondoka mara ya kwanza, kinaacha mlango. Usipoutumia hapohapo umefungwa, hata farasi akirudi. Kikiliwa kabla hakijasogea, mlango nao umeliwa.

Milango ni minane, utadhani ni mingi. Juzi nilicheza na binti wa sekondari. Mwewe nilimwingiza mapema, tembo nikamtunza kwa siku ya shida. Nikatoa farasi, nikatoa maaskofu. Nikamficha mfalme kwa kumsogeza pamoja na ngome ya h1 kwa zamu moja, milango miwili ikafungwa kwa mpigo mmoja. Malkia nikamsogeza e1, hata sikumkumbuka tembo. Ikabaki ngome ya a1 peke yake.

Farasi wake akatua c2, anamtisha malkia huku na ngome kule. Nikamwokoa malkia. Ngome ikaliwa palepale ilipozaliwa.

Binti akakiokota kizibo changu mezani, akakigeuzageuza. "Mzee, hiki nikirudishe kwenye soda?"